Maswali ya wasomaji: Droni ya kuandikia programu, ununue ipi na uiwekee nini?

Barua za toleo hili zinauliza jambo moja kwa sura nyingi: ni droni gani mtu anaweza kuiandikia programu mwenyewe, na ndani yake iwe na nini? Tumechagua nane. Msimamo wetu katika majibu yote ni huu: chagua kwanza programu ya kurushia, kisha bodi (kompyuta ndogo ya kurushia) inayoibeba vizuri, ndipo uje kwenye fremu na mota. Anayeanza na fremu iliyomvutia dukani mara nyingi hujikuta na bodi isiyoweza kazi aliyoikusudia.

Nimeona ArduPilot, PX4, INAV na Betaflight. Zote ni huria na zote ni bure. Nataka droni ya mota nne iruke yenyewe kutoka nukta hadi nukta, na baadaye ipokee amri za programu yangu ya Python. Nichukue ipi, na bodi gani? — Mwanafunzi wa uhandisi, Eldoret

Chukua ArduPilot, na bodi yenye chipu ya STM32H743.

Tuanze kwa kuondoa zisizokufaa. Betaflight imetengenezwa kwa ajili ya mbio na urushaji wa kutazama kwa miwani ya video, mrushaji akishika rimoti muda wote. Katika kazi hiyo inasifika kwa haki, ila kazi yako ni nyingine. INAV ilichipuka kutoka Cleanflight, shina lile lile lililozaa Betaflight, ikaongezewa uongozaji wa GPS. Inapita nukta ulizopanga na kurudi nyumbani yenyewe, tena kwenye bodi ndogo za bei nafuu. Hukwama pale unapotaka programu yako iiamuru ikiwa tayari hewani. Mlango huo kwake ni mwembamba.

Zinabaki mbili, na zote huzungumza MAVLink, itifaki ya kupeana amri na taarifa na droni, iliyoanzishwa mwaka 2009 na Lorenz Meier, ambaye mradi wake katika chuo cha ETH Zurich, Uswisi, ndio uliozaa PX4. ArduPilot ilikulia katika jumuiya ya DIY Drones iliyoanzishwa na Chris Anderson mwaka 2007. Kwa mtu anayeandika Python, tofauti kubwa iko katika namna kila moja inavyopokea amri. Kwenye ArduPilot unaweka hali ya GUIDED, unatuma nukta moja, nayo huenda ikafika ikabaki pale ikielea. Ukituma amri za kasi badala ya nukta, lazima uzirudie. Zikikoma kwa sekunde 3 droni husimama hewani. Kwenye PX4 hali inayolingana na hiyo ni OFFBOARD, nayo ni kali zaidi: lazima amri ziwe zinatiririka zaidi ya mara 2 kwa sekunde kabla hata hujaomba kuingia katika hali hiyo, na mtiririko ukikatika kupita muda uliowekwa katika COM_OF_LOSS_T, inatoka na kufuata kinga ya dharura. Programu ya mwanzo hukwama mara kwa mara, na ArduPilot huvumilia kukwama huko.

PX4 ina mahali pake. Ikiwa chuoni kwenu mnatumia ROS 2 (mfumo wa programu za roboti), au mnataka kubadilisha sehemu moja ya ndani bila kugusa nyingine, muundo wake wa moduli utawafaa zaidi, na maabara nyingi za utafiti zinaitumia.

Sasa bodi. Usisome tangazo, soma jina la chipu na ukubwa wa flashi. STM32F405 ina flashi ya MB 1, na ArduPilot haiingii yote humo, kwa hiyo toleo la bodi hizo limekatwa vipengele kadhaa. STM32H743 ina MB 2 na inaibeba nzima, pamoja na uwezo wa kuendesha hati za Lua (lugha ndogo ya programu) ndani ya bodi yenyewe. Hilo la Lua wengi hawalijui: unaweka SCR_ENABLE iwe 1, unaiwasha bodi upya, unatia faili lako la .lua katika folda ya APM/scripts kwenye kadi ya memori, na droni inafuata mantiki yako bila kompyuta ya pili. Kwa kazi kama kudondosha mzigo mdogo kwenye nukta fulani au kuwasha taa ikishuka chini ya mita 5, Lua inatosha.

Pixhawk 6C, Matek H743 na Kakute H7 zote zina chipu hiyo. Pixhawk 6C huunganishwa kwa plagi bila kulehemu, na vihisi vyake vya mwendo vimewekwa juu ya vizuia mtetemo. Matek na Kakute ni ndogo na nyepesi, lakini uwe na mkono mzuri wa kulehemu. Kaa mbali na zile zinazouzwa kwa jina la "Pixhawk 2.4.8". Ni nakala za muundo wa zamani, ubora wa vihisi vyake hubadilika kutoka kiwanda hadi kiwanda, na baadhi zina chipu zenye kasoro ya kutumia MB 1 tu ya flashi. Kabla ya kulipa, fungua orodha ya programu za ArduPilot utafute jina kamili la bodi unayouziwa. Jina lisipokuwepo, usinunue. Hakikisha pia ina tundu la kadi ya memori, kwa sababu bila kumbukumbu za safari hutajua kwa nini ilianguka.

Mwaka huu sina fedha ya droni. Kuna njia ya kuanza? — Msomaji, Mtwara

Ipo, na hata mwenye fedha tungemshauri aanzie hapo. ArduPilot ina droni ya kuigiza inayoendesha msimbo ule ule unaoingia kwenye bodi, ikibadilishwa vihisi tu. Ukiwa na Windows na bando dogo, sakinisha Mission Planner, programu ya kompyuta ya kupangia na kufuatilia safari za droni, fungua ukurasa wa Simulation, chagua Multirotor. Itapakua faili lililo tayari na kuliwasha. Droni itatokea karibu na Canberra, Australia, ambako ndiko mahali pake pa kawaida. Programu yako ya Python iunganishe kwenye `tcp:127.0.0.1:5762` kwa maktaba ya pymavlink.

Ukiwa na Linux, au WSL ndani ya Windows, pakua msimbo wote kwa `git clone --recurse-submodules`. Ni mzigo mkubwa, tumia intaneti ya chuo au ya ofisi. Endesha hati ya `Tools/environment_install/install-prereqs-ubuntu.sh -y`, toka kwenye akaunti yako na uingie tena, kisha:

`sim_vehicle.py -v ArduCopter --console --map --custom-location=-10.27,40.18,20,0`

Hapo itatokea Mtwara. Subiri hadi maandishi yaseme kwamba EKF3 (hesabu inayokadiria droni iko wapi) inatumia GPS. Ukiwahi, itakataa kuwasha mota, na wengi hudhani wamekosea amri. Kisha andika `mode guided`, `arm throttle`, `takeoff 10`. Usikawie kati ya amri ya pili na ya tatu, maana mota zikiwaka sekunde 10 bila kupaa hujizima.

Baada ya kupaa, anza kuiharibu kwa makusudi. Andika `param set SIM_WIND_SPD 8` uone upepo wa mita 8 kwa sekunde unavyoisukuma. Andika `param set SIM_RC_FAIL 1` uone inafanya nini rimoti ikipotea. Jihadhari na jambo moja la hesabu: katika mfumo wa kuratibu wa NED (kaskazini, mashariki, chini), mhimili wa tatu unaelekea chini. Kwenda mita 10 juu, z ni -10. Aliyeandika 10 ameiamuru ishuke, na kwenye kompyuta kosa hilo ni bure.

Nafundisha kompyuta sekondari. Tumepata droni mbili za Tello za kawaida. Wanafunzi wataweza kuziandikia programu, au nitafute nyingine? — Mwalimu, Morogoro

Mwalimu, kwa kujifunzia amri, vitanzi na masharti, zinafaa sana. Lakini waeleze wanafunzi ukweli kwamba programu ya kurushia iliyo ndani ya Tello imefungwa. Wanachoandika ni amri zinazoingia kutoka nje.

Namna ya kuanza: unganisha kompyuta na Wi-Fi ya Tello, tuma neno `command` kwa UDP kwenye anwani 192.168.10.1, mlango 8889. Ikijibu `ok`, tuma `takeoff`, halafu `forward 100`, halafu `land`. Umbali ni kwa sentimita, kuanzia 20 hadi 500. Jibu lisiporudi, karibu kila mara ni ukuta wa usalama wa Windows unaozuia. Sekunde 15 zikipita bila amri, inatua yenyewe, kwa hiyo mwanafunzi asiweke usingizi wa sekunde 20 katikati ya programu. Kompyuta ikiwa kwenye Wi-Fi hiyo haina intaneti, basi maktaba ya djitellopy isakinishwe mapema.

Tatizo litakalokusumbua zaidi ni sakafu. Tello hujishikilia mahali kwa kamera ndogo inayotazama chini ikitafuta alama. Juu ya vigae vinavyong'aa, saruji isiyo na mistari, au chumba chenye mwanga hafifu, haioni kitu na huanza kuteleza. Tandika kanga au vitenge vyenye maua makubwa, vibanwe pembeni visipeperushwe na upepo wa propela. Uzito wake ni gramu 80 hivi, hivyo usiitoe nje hata kwa upepo mwepesi. Dakika 13 zilizoandikwa kwenye kasha ni za kuelea bila purukushani. Uwe na angalau betri 3 kwa kila droni kwa kipindi kimoja. Ikiwa mnataka droni kadhaa ziruke pamoja, Tello ya kawaida haitawafikisha, mtahitaji Tello EDU, ambayo hukubali kujiunga na ruta.

Siku mtakapotaka kufungua msimbo wa ndani kabisa na kuubadilisha, tafuteni Crazyflie ya kampuni ya Bitcraze ya Sweden. Ni gramu 27, huruka dakika 7, na programu yake ni huria. Bajeti iingize redio yake ya Crazyradio na kibodi cha Flow cha kuishikilia mahali, maana bila kihisi hicho itahama huku na huku darasani.

Nilikuwa na seti ya bodi na ESC (vidhibiti vya kasi ya mota) iliyofungwa Betaflight, ikiruka vizuri. Nimeweka ArduPilot, haiinuki. Nikiongeza nguvu inapinduka papo hapo na kuvunja propela. Mota nzima, betri nzima. — Fundi, Kisumu

Ndugu yetu, acha kuvunja propela. Hakuna kilichokufa hapo, namba za mota ndizo zimebadilika.

ArduPilot kwenye fremu ya X huhesabu hivi: 1 mbele kulia, 2 nyuma kushoto, 3 mbele kushoto, 4 nyuma kulia. Betaflight huhesabu: 1 nyuma kulia, 2 mbele kulia, 3 nyuma kushoto, 4 mbele kushoto. Waya zako zimelehemewa kwa mpango wa Betaflight. Bodi inahisi upande mmoja umelala, inaongeza nguvu kwenye mota inayodhani iko upande huo, kumbe iko kwingine, na kila marekebisho yanazidisha kosa. Weka FRAME_TYPE iwe 12, ambayo ndiyo X ya Betaflight, kisha iwashe bodi upya. Kama ulikuwa umegeuza mizunguko ili propela zisukume upepo nje, namba ni 18.

Halafu ng'oa propela zote nne na ufanye ukaguzi huu kwa mpangilio. Ndani ya Mission Planner fungua Motor Test, anza na asilimia 5, panda kidogo kidogo hadi mota izunguke. Herufi A ni ya mbele kulia, B nyuma kulia, C nyuma kushoto, D mbele kushoto; yaani inazunguka fremu kwa mwendo wa saa. Gusisha ukanda wa karatasi kwenye kila mota uone inaelekea wapi: mbele kulia na nyuma kushoto zizunguke kinyume cha saa, zile mbili nyingine kwa mwendo wa saa (ukiwa umeweka namba 18, iwe kinyume chake). Ikienda kinyume, badilishana waya 2 zozote kati ya 3, au geuza katika mpangilio wa ESC.

Kisha iinue mkononi uilaze upande wa kulia ukitazama kioo cha Mission Planner. Picha isipofuata mkono wako, mshale wa bodi haukuelekea mbele, na AHRS_ORIENTATION inahitaji kurekebishwa. Mwisho angalia propela: maandishi yatazame juu, na ukingo mnene ndio utangulie katika mzunguko. Propela iliyofungwa chini juu huzunguka kwa kelele zote ila msukumo wake ni hafifu.

Ukishapita yote hayo na bado inalalia upande ule ule, mtuhumiwa ni mota au ESC moja dhaifu. Unapotumia DShot (amri za kidijitali kutoka bodi kwenda ESC) hakuna haja ya kusawazisha ESC. Kwa PWM ya kawaida, zisawazishe zote nne kwa pamoja.

Inapaa vizuri, lakini nikiiweka Loiter (hali ya kubaki mahali pamoja kwa GPS) inachora duara linalozidi kupanuka. Safari nyingine inapanda yenyewe bila kuamriwa. Nimesawazisha dira mara nyingi. — Msomaji, Arusha

Hizo ni dalili mbili zenye chanzo tofauti.

Duara linalopanuka ni dira inayodanganywa. GPS inasema "umehamia kaskazini", dira iliyopotoka inaonyesha kaskazini pasipo kaskazini, na kila sahihisho linaisukuma pembeni. Kusawazisha hakusaidii ikiwa sumaku inayoiharibu haipo wakati wa kusawazisha, nayo ni ile inayotoka kwenye waya za betri mota zinapovuta ampea nyingi. Pakua faili la safari, chora MAG (dira) na BAT.Curr (mkondo wa betri) kwenye grafu moja. Kama mistari ya dira inapanda na kushuka pamoja na mkondo wa umeme, umempata mhalifu. Inua GPS yenye dira juu ya mlingoti wa sentimita 10 au zaidi, sokota pamoja waya chanya na hasi za betri, na kwenye ukurasa wa Compass ondoa alama kwenye dira ya ndani ya bodi, ibaki ya nje peke yake. Ndipo usawazishe upya, uwanjani, mbali na gari, mabati na sakafu yenye nondo. Simu iwe mbali nawe, maana spika zake zina sumaku.

Kupanda yenyewe ni mtetemo. Vihisi vya mwendo vikitikiswa kupita kiasi, bodi hudhani inashuka ikaongeza nguvu. Chora VIBE, kipimo cha mtetemo katika faili la safari: chini ya 30 ni salama, ikipita 60 karibu hakika ina tatizo, na hesabu ya Clip (mara ambazo vihisi vimezidiwa) isiwe inapanda wakati wa kuelea. Tafuta propela iliyokatika ncha hata kidogo, mhimili wa mota uliopinda, skrubu ya mkono wa fremu iliyolegea. Kuna moja husahaulika: waya ngumu iliyovutika kutoka kwenye fremu hadi bodi. Hupitisha mtetemo wote na kuifanya sponji uliyoweka chini ya bodi isifanye kazi. Waya ziwe laini na zilegee.

Nataka kuweka Raspberry Pi 4 (kompyuta ndogo) juu ya droni itume amri kwa bodi. Pia redio ya taarifa: duka lina ya 433 MHz na ya 915 MHz, bei moja. — Msomaji, Dar es Salaam

Kwa redio, chukua 433. Zile za 915 zimetengenezwa kwa masafa ya Marekani, 902 hadi 928 MHz. Huku kwetu simu za GSM 900 huzungumza na minara kati ya 880 na 915, na minara hujibu kati ya 925 na 960. Utakuwa unapiga kelele katikati ya mtandao wa simu, nao ukikumeza wewe. Kwa redio mbili za SiK (aina ya redio hizi za taarifa) hakikisha NETID, yaani namba ya mtandao wao, ni moja, kasi ya mlango ni 57600, na kamwe usiziwashe bila antena. Saketi ya kurushia inaweza kuungua.

Kuhusu Pi, iunganishe kwenye mlango wa TELEM2 wa bodi kwa waya tatu tu. TX (ya kutuma) ya bodi iende pini 10 ya Pi, RX (ya kupokea) ya bodi iende pini 8, na GND iende pini 6. Waya ya volti 5 ya TELEM2 usiiunganishe. Pi 4 inahitaji volti 5 na ampea 3 kutoka kwa BEC (kipunguza volti ya betri) yake yenyewe; ukiilisha kupitia bodi, siku kamera ikianza kazi volti itashuka na bodi inaweza kujiwasha upya droni ikiwa hewani.

Upande wa bodi weka SERIAL2_PROTOCOL iwe 2 na SERIAL2_BAUD iwe 115 kwa kuanzia. Ukihitaji kasi, panda hadi 921. Upande wa Pi, ndani ya raspi-config zima kuingia kwa njia ya serial lakini acha mlango wenyewe wazi. Kisha ongeza `dtoverlay=disable-bt` katika config.txt. Pasipo mstari huo, Bluetooth inashika mlango mzuri na wewe unaachiwa ule ambao kasi yake huyumba pamoja na mwendo wa prosesa, ukaona herufi zisizosomeka mara moja moja usijue kwa nini. Jaribu kwa mistari mitatu:

`from pymavlink import mavutil`
`m = mavutil.mavlink_connection('/dev/serial0', baud=115200)`
`m.wait_heartbeat()`

Ikibaki kimya, badilishana TX na RX kabla ya kugusa kitu kingine.

Droni ya kilo 1.5 itaruka dakika ngapi Nairobi? Nikifunga betri mbili nitapata mara mbili? Na ndugu yangu anaweza kuniletea betri kutoka Dubai? — Msomaji, Nairobi

Piga hesabu nasi. Tuchukue propela za inchi 9.4 na mota zenye msukumo wa juu wa gramu 850 kila moja, droni ikielea kwa ufanisi wa gramu 7 kwa wati. Gramu 1,500 zinahitaji wati 215. Kwa betri ya 4S (seli nne), volti 14.8, ni ampea 14.5. Betri ya 5000 mAh, ukitumia asilimia 80 tu ili isife mapema, inakupa ampea-saa 4. Gawanya: dakika 16 hivi, kando ya bahari.

Nairobi iko karibu mita 1,800 juu ya bahari, ambako hewa ni nyepesi kwa asilimia 16 hivi. Umeme wa kuelea unapanda kwa takriban asilimia 9, kwa hiyo unabaki na dakika 15. Kinachouma zaidi ni msukumo wa juu, unaoshuka kutoka 850 hadi karibu 715. Kila mota inabeba gramu 375 na kanuni ni kuwa na mara mbili ya hiyo, yaani 750. Tayari umepungukiwa kidogo.

Betri ya pili inaongeza kama gramu 500. Sasa ni kilo 2, ufanisi unashuka, tuseme gramu 6 kwa wati: wati 333, ampea 22.5, na ampea-saa 8 zinakupa dakika 21 kando ya bahari. Umelipia betri nzima kwa dakika 5, na Nairobi mota zako zina mara 1.4 tu ya uzito. Upepo ukivuma droni hiyo haitajinusuru. Punguza uzito kwanza: toa miguu mirefu, kishikio cha kamera usichotumia, waya zilizozidi.

Betri moja ya 4S 5000 mAh ni wati-saa 74. Chini ya 100 huruhusiwa, ila betri za akiba zisafiri kwenye mzigo wa mkononi, kamwe zisiwekwe kwenye sanduku la kupakiwa. Kati ya 100 na 160 aombe idhini ya shirika la ndege. Azichaji hadi volti 3.8 kwa seli, afunge vichwa vya waya kwa utepe. Na kabla hajaleta droni yenyewe, pata idhini ya KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Kenya: kanuni za Kenya za mwaka 2020 zinataka ruhusa kabla ya kuingiza nchini. Kwa wasomaji wetu wa Tanzania, anzeni na TCAA, mamlaka kama hiyo ya kwenu, na mjue kwamba kibali cha mamlaka ya ulinzi nacho huhitajika.

Nimebadilisha msimbo na nataka kuuza droni zenye programu yangu ndani. Naruhusiwa kuuficha? Na kabla ya mteja kuirusha, niwashe kinga zipi? — Msomaji, Bagamoyo

ArduPilot, INAV na Betaflight ziko chini ya leseni ya GPL toleo la 3: unayemuuzia droni ana haki ya kupata msimbo uliobadilisha. PX4 iko chini ya BSD, ambayo inakuruhusu kuufunga. Ikiwa siri yako iko katika utambuzi wa picha, iweke kwenye programu tofauti ndani ya kompyuta ya pili inayozungumza na bodi kwa MAVLink, nawe uuache msimbo wa kurushia wazi. Tunaipendelea njia hiyo, maana marekebisho yanayorudishwa kwenye mradi hudumishwa na wengi.

Kinga, kwa ArduPilot: FS_THR_ENABLE iwe 1 ili irudi nyumbani rimoti ikipotea. BATT_LOW_VOLT iwe 14.0 kwa betri ya 4S, na BATT_FS_LOW_ACT iwe 2, yaani irudi. Kwa kiwango cha hatari zaidi weka BATT_FS_CRT_ACT iwe 1, itue pale ilipo. Kama inaongozwa na kompyuta, weka pia FS_GCS_ENABLE, kinga ya mawasiliano hayo yakikatika. Urefu wa kurudia nyumbani ni mita 15 usipoubadilisha, nao kwa pwani yenu haufai: minazi mirefu inapita hapo, na droni itarudi moja kwa moja ndani ya makuti. Upandishe hadi mita 35 au 40. RTL_ALT, kigezo cha urefu huo (RTL ni hali ya kurudi nyumbani), ilizoeleka kuandikwa kwa sentimita, kwa hiyo soma kipimo kilicho kando yake kwanza. Washa FENCE_ENABLE, yaani uzio wa hewani, na FENCE_ALT_MAX, kimo chake cha mwisho, iwe juu ya urefu huo, la sivyo kinga mbili zitagombana.

Kisha zijaribu, propela zikiwa zimetolewa, uwanjani penye GPS. Washa mota katika hali ya Stabilize, inua kijiti cha nguvu hadi robo, zima rimoti. Skrini ionyeshe RTL. Usizime rimoti huku kijiti kikiwa chini kabisa, kwa sababu bodi itaamini droni iko ardhini na kuzima mota tu, nawe utadhani kinga haipo. Ikionyesha LAND badala ya RTL, GPS haijashika: subiri satelaiti, urudie tangu mwanzo.